Namba 3 kwenye mpira wa kikapu: jina linafifia, kazi inapanda bei

Tarehe 20 Julai 2024, katika ukumbi wa O2 jijini London, zikiwa zimebaki sekunde chache mechi kumalizika, ubao wa matokeo ulisomeka Sudan Kusini 100, Marekani 99. Ilikuwa mechi ya kujipima nguvu kabla ya Olimpiki ya Paris. Nchi iliyopata uhuru mwaka 2011, na ambayo wakati huo haikuwa na uwanja wa kikapu wenye paa, ilikuwa imeongoza kwa tofauti iliyofika pointi 16 dhidi ya timu yenye wachezaji maarufu kuliko wote duniani. Kisha LeBron James, akiwa na miaka 39, akapewa mpira, akampita mlinzi wake, akaingia hadi chini ya goli na kuuweka kikapuni. Zilibaki sekunde 8. Sudan Kusini ilipata nafasi ya mwisho, mpira ukakataa kuingia. Marekani 101, Sudan Kusini 100.

Aliyefunga kikapu kile ameandikwa kwa miaka mingi kama mchezaji wa namba 3. Aliyeijenga timu iliyofungwa, Luol Deng, rais wa Shirikisho la Mpira wa Kikapu la Sudan Kusini, naye alicheza namba hiyohiyo misimu 15 katika ligi ya NBA ya Marekani. Na bado, kwa miaka kadhaa sasa, wachambuzi wengi wa mchezo huu wanasema namba 3 haipo tena.

Haipo vipi? Na kama haipo, mbona ndiyo inayolipiwa fedha nyingi? Tunalieleza suala hili kwa sababu linamgusa kijana mrefu anayesoma shule ya kata kuliko linavyomgusa LeBron James, ambaye maisha yake yameshakaa sawa.

Netiboli ina herufi, kikapu kina mazoea

Ukiwahi kutazama netiboli shuleni, unajua kwamba kila mchezaji anavaa herufi kifuani na mgongoni, na herufi hizo ni sheria. Mchezaji akivuka eneo lake, filimbi inalia. Kikapu hakina sheria ya namna hiyo. Wachezaji 5 wanaingia uwanjani, na yeyote kati yao anaweza kwenda popote, kufunga kutoka popote na kumkaba yeyote. Namba 1 hadi 5 unazozisikia kwa watangazaji hazimo kwenye kitabu cha sheria. Ni mazoea ya makocha, namna ya kugawana kazi.

Mgawanyo wenyewe ni huu. Namba 1 ndiye anayepandisha mpira na kupanga mashambulizi, mara nyingi ndiye mfupi kuliko wote. Namba 2 ni mfungaji wa kutoka mbali. Namba 4 na namba 5 ni watu wakubwa wa karibu na goli. Wanagombea ribaundi, yaani mpira uliokosa kikapu na kurudi, na wanazuia wanaotaka kufunga kwa karibu. Katikati yao yuko namba 3, ambaye kwa lugha ya mchezo anaitwa smoli fowadi, maana yake fowadi mdogo.

Jina hilo linadanganya. Alipewa kwa sababu timu ilikuwa na mafowadi wawili, mmoja mnene zaidi na mwenzake mwepesi zaidi. Lakini Luol Deng ana urefu wa mita 2.06. LeBron James ni hivyohivyo. Watu hawa wakiingia kwenye nyumba zetu nyingi wanainama mlangoni. Udogo wao ni udogo wa kupimwa mbele ya watu wa mita 2.10 na kuendelea, si mbele yako wewe na mimi.

Ukitaka kumwelewa namba 3 kwa kutumia soka, mfikirie beki wa pembeni wa siku hizi. Anatakiwa kumzuia winga mwenye kasi, kisha dakika hiyohiyo awe ameshapanda mbele kupiga krosi. Akishindwa moja kati ya hayo mawili, timu nzima inaliona pengo. Namba 3 yuko hivyo: awe na kimo cha kupambana na wakubwa na miguu ya kuwakimbiza wadogo, aweze kudunda mpira kama haba wa kuuamini haupo, na aweze kutupa kutoka mbali. Kwa hiyo watoto wengi wa kikapu huulizwa wanacheza namba gani, wakajibu 1 au 5 bila kusita. Wanaojibu 3 kwa kujiamini ni wachache, kwa kuwa namba hiyo haina kitu kimoja cha kushika.

Kazi isiyoandikwa kwenye matokeo

Sehemu kubwa ya kazi ya namba 3 hutaiona ukisoma nani amefunga ngapi. Chukua fainali ya NBA ya mwaka 1991, Chicago Bulls dhidi ya Los Angeles Lakers. Lakers walikuwa na Magic Johnson, mpanga mashambulizi mwenye urefu wa mita 2.06, jambo ambalo halikuwa la kawaida. Mlinzi mfupi akimkaba, Magic anaona juu ya kichwa chake na kupiga pasi anakotaka. Chicago walipoteza mechi ya kwanza. Katika mechi ya pili, Scottie Pippen, namba 3 wao, akachukua jukumu la kumkaba Magic kwa muda mrefu. Alikuwa na mikono mirefu na miguu ya haraka. Chicago walishinda mechi hiyo na tatu zilizofuata, wakachukua ubingwa wao wa kwanza kati ya 6 waliopata miaka ile. Dunia inakumbuka Michael Jordan, na ni haki. Lakini bila mtu wa kutoka namba 3 kwenda kufanya kazi ya kumkaba namba 1, hadithi ingekuwa nyingine.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa mwaka 2015, na hapo ndipo inapofaa tukae kidogo.

Golden State Warriors walikuwa wanacheza fainali na Cleveland Cavaliers ya LeBron James. Baada ya mechi 3, Cleveland ilikuwa mbele kwa ushindi wa mechi 2 dhidi ya 1. LeBron alikuwa anafunga anavyotaka. Kocha wa Golden State, Steve Kerr, akafanya uamuzi ambao ungemletea lawama kubwa kama ungeshindwa: alimtoa kikosini Andrew Bogut, namba 5 wake mwenye zaidi ya mita 2.10, na nafasi yake akamwanzisha Andre Iguodala, mtu wa mita 1.98 ambaye msimu mzima wa kawaida hakuwa ameanza hata mechi moja. Yaani aliondoa mnara, akaongeza namba 3.

Kwa hesabu za zamani, hiyo ni kujitafutia balaa. Nani atagombea ribaundi? Nani atazuia chini ya goli? Lakini uwanja ulifunguka. Wachezaji wote 5 wa Golden State sasa waliweza kukimbia, kupiga pasi na kubadilishana watu wa kukaba bila kuchelewa. Iguodala alimfuata LeBron kila alikokwenda. LeBron hakuacha kufunga. Alimaliza fainali hizo kwa wastani wa karibu pointi 36 kwa mechi. Ila kila pointi aliitolea jasho, alichoka, na wenzake hawakupata mipira ya bure. Golden State walishinda mechi 3 mfululizo na kuwa mabingwa. Tuzo ya mchezaji bora wa fainali haikwenda kwa Stephen Curry, nyota wao. Ilikwenda kwa Iguodala.

Tangu siku zile makocha wa ngazi zote walianza kujiuliza swali moja: kama kumweka namba 3 mahali pa namba 5 kunaleta ubingwa, kwa nini tung'ang'anie namba?

Hesabu ya pointi tatu

Kuna sababu nyingine iliyoisukuma hali hii, nayo ni hesabu ambayo mwanafunzi wa darasa la saba anaweza kuifanya mchangani. Mtu akitupa mara 100 kutoka karibu na akaingiza nusu, anapata pointi 100. Mwingine akitupa mara 100 kutoka nje ya mstari wa pointi tatu na akaingiza 35 tu, anapata pointi 105. Aliyekosa mara nyingi zaidi ndiye amepata zaidi.

NBA iliuweka mstari huo msimu wa 1979-80, na shirikisho la dunia, FIBA, likaufuata mwaka 1984. Lakini ilichukua miaka mingi kabla makocha hawajaichukua hesabu hiyo kwa uzito wake wote. Walipoichukua, walitaka watu wanaoweza kutupa wakiwa kwenye kona za uwanja, ambako katika NBA mstari uko karibu zaidi: mita 6.70 kutoka golini, badala ya mita 7.24 ya sehemu nyingine.

Nani anasimama kwenye kona? Mara nyingi ni namba 3. Na hata asipoguswa na mpira, anafanya kazi. Mlinzi wake hawezi kumwacha aende kusaidia katikati, kwa sababu akimwacha, pasi moja tu na pointi tatu zimeingia. Kwa hiyo kule katikati panakuwa na nafasi, na mwenye mpira anaingia. Mtazamaji anasema yule wa kona amezubaa. Kocha anajua kwamba amemfunga mlinzi mmoja kwa kamba isiyoonekana.

Jina laondoka, fedha zabaki

Kwa miaka mingi NBA ilipochagua timu bora za msimu, kila timu ilikuwa na walinzi 2, mafowadi 2 na senta 1. Kuanzia msimu wa 2023-24 utaratibu huo uliondolewa. Sasa wanachaguliwa watu 5 bora, bila kujali namba. Hapo wale wanaosema namba 3 imekufa walipata ushahidi wao rasmi.

Lakini tazama soko. Mwaka 2024 New York Knicks walimpa OG Anunoby, mzaliwa wa London mwenye wazazi wa Nigeria, mkataba wa miaka 5 wenye thamani ya dola milioni 212.5. Anunoby hakuwahi kuchaguliwa kwenye mechi ya nyota wa NBA hadi siku aliyosaini. Kiangazi hichohicho Knicks walimchukua Mikal Bridges kutoka Brooklyn Nets kwa kutoa, pamoja na mengine, nafasi 5 za kuchagua vijana katika raundi ya kwanza ya miaka ijayo. Bridges naye hakuwa amewahi kucheza mechi ya nyota. Wote wawili ni watu wa aina ileile: mita 2 hivi, wanakaba watu wa namba tofauti, wanaingiza mipira ya pointi tatu.

Kwa maoni yangu, kilichokufa ni kisanduku cha kuandikia jina. Kazi yenyewe imesambaa. Siku hizi namba 2 anatakiwa kuwa na mwili wa namba 3, na namba 4 anatakiwa kuwa na miguu na mikono ya namba 3. Timu iliyokuwa na mtu mmoja wa namna hiyo sasa inatafuta watatu. Ni kama fundi aliyekuwa anahitajika siku za ujenzi tu, ghafla kila nyumba inamtaka.

Kutoka kwa Manute Bol hadi kwa Luol Deng

Katika ukanda wetu, mabadiliko haya yanaonekana vizuri ukiwatazama watu wawili wa Sudan Kusini.

Wa kwanza ni marehemu Manute Bol, aliyeingia NBA mwaka 1985. Alikuwa na urefu wa mita 2.31. Kazi yake ilikuwa moja: kusimama chini ya goli na kuzuia mipira. Aliifanya vizuri, mara mbili akiongoza ligi nzima kwa kuzuia. Hakuna kocha aliyemtuma kudunda mpira.

Wa pili ni Luol Deng, aliyezaliwa Wau mwaka 1985. Familia yake ilikimbia vita na kwenda Misri, na huko ndugu hao wakafundishwa kikapu na Manute Bol mwenyewe. Baadaye familia ilipata hifadhi Uingereza, na Deng akakulia London. Aliingia NBA mwaka 2004 na kwa miaka mingi akawa namba 3 wa Chicago Bulls. Katika misimu miwili mfululizo, 2011-12 na 2012-13, ndiye aliyeongoza NBA nzima kwa wastani wa dakika za kucheza kwa mechi. Tafakari maana yake. Kocha wake hakuwa na uwezo wa kumpumzisha, kwa sababu akitoka, mashimo mawili yanafunguka kwa pamoja, la kushambulia na la kulinda. Mwalimu alikuwa mnara. Mwanafunzi akawa mtu wa kila kazi.

Deng alipochukua uongozi wa shirikisho la nchi yake, hakuwa na viwanja wala fedha za serikali za kutosha, na mara nyingi alitoa za mfukoni mwake. Alichokuwa nacho ni vijana warefu waliotawanyika duniani, wengi wao watoto wa wakimbizi waliolelewa Marekani, Australia na Kenya. Chini ya kocha Royal Ivey ikajengwa timu ya watu warefu wanaokimbia, wanaotupa kutoka mbali na wanaobadilishana watu wa kukaba. Mchango wa Carlik Jones, namba 1 wao, haupimiki. Ila waliomzunguka walikuwa ni watu wa namna ya Deng.

Mmoja wao ni Nuni Omot, aliyezaliwa Kenya katika familia ya wakimbizi. Ana mita 2 na ushee, anacheza namba 3 na mara nyingine namba 4. Mwaka 2023 alikuwa mchezaji bora wa ligi ya kikapu ya Afrika, BAL, alipotwaa ubingwa na Al Ahly ya Misri. Mwaka huohuo Sudan Kusini ilicheza Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza, ikazifunga China, Ufilipino na Angola, na kupata tiketi ya Olimpiki kama timu bora ya Afrika. Huko Ufaransa mwaka 2024 walianza kwa kuifunga Puerto Rico 90 kwa 79, siku ambayo waandaaji walikosea na kuanza kupiga wimbo wa taifa wa Sudan, nchi waliyojitenga nayo. Wachezaji walisimama wakasubiri hadi wao ulipopigwa. Dhidi ya Marekani walipoteza 103 kwa 86, na Omot akafunga pointi 24.

Kenya nayo ina namba 3 wake wa kukumbukwa. Februari 2021, jijini Yaoundé, Kenya ilicheza na Angola, nchi yenye mataji 11 ya Afrika wakati huo. Zikiwa zinakwisha sekunde za mwisho, mpira ulikuwa kwa Tylor Ongwae. Alitupa, kengele ikalia, mpira ukaingia: Kenya 74, Angola 73. Ushindi huo uliifungulia Kenya njia ya kurudi kwenye Kombe la Afrika baada ya miaka 28. Aliyetupa hakuwa mrefu kuliko wote uwanjani wala mfupi kuliko wote. Alikuwa mtu anayeweza kujitengenezea nafasi mwenyewe na kutupa juu ya mkono wa anayemkaba.

Yuko pia Jonathan Kuminga, aliyezaliwa Goma mwaka 2002 na kuchaguliwa wa 7 na Golden State mwaka 2021. Msimu wake wa kwanza tu akawa bingwa. Kuminga ana mwili wote wa namba 3: nguvu, kasi, kuruka. Hata hivyo kuna nyakati katika mwaka 2025 kocha alimwacha benchi, na mazungumzo ya mkataba wake mpya yakachukua kiangazi kizima. Tatizo kubwa lilikuwa mtupo wa mbali usiotabirika, katika timu ambayo tayari ilikuwa na wengine wasiotupa vizuri kutoka mbali. Kona ile tuliyoieleza, mlinzi akijua huingizi, anakuacha. Mwili mzuri peke yake haukutosha hata kwa kijana mwenye kipaji kama hicho.

Kijana wa mita 1.93

Sasa turudi nyumbani, kwenye uwanja wa shule.

Niliwahi kukaa pembeni ya uwanja katika mashindano ya shule za sekondari, mahali ambapo sitapataja. Timu moja ilikuwa na kijana aliyewazidi wenzake kwa kichwa kizima. Kila alipookota ribaundi na kutaka kuondoka na mpira, kocha alipiga kelele: "Toa! Toa kwa namba moja!" Alipojaribu kutupa kutoka mbali mara moja, akatolewa. Timu yao ilishinda siku ile. Kijana alifunga mara nyingi, zote akiwa amesimama hatua moja kutoka golini, juu ya watoto waliomfikia begani.

Simlaumu sana kocha yule. Mwalimu wa michezo anapimwa kwa kombe la mwaka huu, ana mpira mmoja au miwili, ana wiki chache za mazoezi kabla ya UMISSETA, na njia fupi ya kushinda ni kumweka mrefu chini ya goli. Katika nafasi yake huenda hata mimi ningefanya hivyo.

Lakini fanya hesabu ya mbele. Kijana yule alikuwa na mita 1.93 hivi. Katika wilaya yake ni mnara. Akitoka kwenda kwenye ligi ya Dar es Salaam atakuta wanaomfikia na kumzidi. Akienda kwenye majaribio ya timu ya taifa, ya BAL au ya vyuo vya nje, namba 5 wanaotafutwa wana mita 2.08 na zaidi. Hapo ataambiwa kimo chake ni cha namba 2 au namba 3. Na ataulizwa mambo matatu: unadunda? Unatupa kutoka mbali? Unaweza kumkaba mtu mwepesi? Miaka yote ya shule alikatazwa yote matatu. Anarudi nyumbani akiwa na umri wa miaka 20, si kwa kukosa kipaji.

Tanzania inamkumbuka Hasheem Thabeet, Mtanzania wa kwanza kucheza NBA, aliyechaguliwa wa 2 mwaka 2009 na Memphis Grizzlies, mbele ya James Harden na Stephen Curry. Yeye ana mita 2.21, hakuna kocha duniani ambaye angemweka kwingine zaidi ya namba 5. Lakini hata kwake zama zilikuwa zinageuka. Ligi ilikuwa inaondoka chini ya goli kwenda nje, na miaka michache baadaye namba 5 wa kusimama tu walianza kupoteza nafasi. Mafanikio yake yaliwapa makocha wetu wengi picha moja: tafuta mrefu, msimamishe golini. Watu wa mita 2.21 huzaliwa mara moja moja. Wa 1.93 wako katika kila wilaya, na wasichana wa mita 1.80 pia, ambao wengi huishia kwenye netiboli bila kuulizwa kama wanataka kikapu.

Shule isiyo na sakafu inaweza kufanya nini? Udongo haudundishi mpira vizuri na upepo unavuruga mitupo, hilo ni kweli. Lakini mstari wa pointi tatu wa FIBA hauhitaji mfadhili. Chukua kamba ya mita 6.75. Mtu mmoja ashike ncha moja chini kabisa ya katikati ya ringi, mwingine azunguke na ncha ya pili akichora kwa jivu au chokaa. Pembeni, mstari uende sambamba na mpaka wa uwanja, ukiachana nao kwa sentimita 90. Basi, tayari una kona. Halafu kuwe na sehemu ya mazoezi, hata dakika 10, ambayo warefu wanadunda na wafupi wanagombea ribaundi, na mrefu anapewa mtu mwepesi kuliko wote amkabe. Siku ya mechi kocha ampange anavyotaka. Siku za mazoezi zisiwe na namba.

Mechi za kufuzu Kombe la Dunia la 2027 nchini Qatar zinaendelea, na nyingi utazipata kwenye simu. Kama kifurushi chako ni kidogo, tazama dakika 5 tu, na katika dakika hizo usiufuate mpira. Mtafute yule mwenye mwili wa katikati, si mrefu kuliko wote wala si mfupi kuliko wote, na umwangalie yeye peke yake. Hesabu amekaba watu wangapi tofauti, na mlinzi wake amethubutu mara ngapi kumwacha kule konani.